Mtoto wa miezi 8 kavimba mdomo baada ya kulishwa yai, aleji anazaliwa nayo au inaanzia wapi?

mama_wa_Tabata

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naombeni mawazo yenu maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi kichwa kinataka kupasuka.

Nina mtoto wa kwanza, wa kiume, ana miezi 8. Tangu ana miezi miwili ana pumu ya ngozi, mashavuni, kwenye viwiko na nyuma ya magoti, inapungua inarudi, usiku anajikuna mpaka shuka linakuwa na damu. Tumeogesha mwarobaini, tumepaka mafuta ya mzeituni, tumebadilisha sabuni kama nne hivi, hola. Sasa Jumapili iliyopita bibi yake (mama mkwe wangu, yuko na sisi tangu nijifungue) akamponda yai la kuchemsha akamlisha kama vijiko viwili. Dakika kumi hazijaisha mdomo wa juu umevimba kama kaumwa na nyuki, mabaka shingoni mpaka kifuani, analia anajikuna. Tukakimbia zahanati wakampa dawa ya maji ya aleji, baada ya saa moja na kitu ikatulia akanyonya akalala.

Kinachonichanganya ni kwamba HAJAWAHI kula yai tangu azaliwe, ndo mara ya kwanza. Sasa mwili umelijulia wapi hilo yai mpaka ulikatae hivyo? Mama mkwe anasema kosa langu, nilikula sana mayai nikiwa na mimba (kweli nilikula, ndo kitu pekee kilikuwa kinakaa tumboni). Dada yangu anasema mtoto kawahishwa, angesubiri afike mwaka. Pale zahanati wakaniambia asiguse mayai, samaki, karanga wala maziwa ya ng'ombe mpaka miaka mitatu, basi, next. Halafu watoto wa wifi yangu kule Kondoa wanalishwa karanga tangu wanaanza kukaa na hawana hata kipele kimoja. Na mwezi ujao ana sindano ya surua, jirani kaniambia chanjo ile inatengenezwa na mayai nisithubutu kumpeleka.

Wenye uzoefu nisaidieni, na kama kuna daktari humu ndani.

---

Babu_Kijiweni

Sisi tumekula udongo, tumekula embe bila kuosha, tumelambwa na mbwa na bado tupo hapa tunasumbua watu mtandaoni. Aleji zimeletwa na pampasi na marumaru. Mwacheni mtoto atambae nje bana.

---

shangazi_mkubwa

Babu na wewe, mtoto kavimba mdomo unaleta utani.

Mama Tabata pole sana, nimepita huko. Wangu alianza hivyo hivyo na ngozi akiwa mchanga, alipofika miezi 7 kupewa maziwa ya ng'ombe akatapika akatoka mabaka mwili mzima. Nikadhani nimeshajua tatizo, nikayaacha maziwa nikatulia. Alipofika miaka minne kifua kikaanza kubana usiku, pumu. Darasa la tatu pua, chafya asubuhi mpaka anachelewa gari la shule. Daktari mmoja wa watoto ndo akanieleza kuwa ni safari moja hiyo, inaanzia kwenye ngozi, inapita tumboni, inaenda kifuani, inamalizia puani, siyo magonjwa manne tofauti kama nilivyokuwa nadhani. Siyo watoto wote wanamaliza vituo vyote lakini njia ni hiyo. Nikajisemea kumbe waliotunga jina la pumu ya ngozi hawakukosea sana.

La kukutia moyo: maziwa aliyaacha kumdhuru mwenyewe, alipoanza shule ya msingi akawa anakunywa chai ya maziwa kama kawaida, sasa hivi ana miaka 13. Niliambiwa maziwa na mayai watoto wengi yanawaachia wakikua, wasumbufu wa kudumu ni karanga, korosho na jamii ya kamba.

Kuna mtu kwenu ana pumu au mafua yasiyoisha?

---

mama_wa_Tabata

Shangazi asante, umenipa nguvu. Baba yake alikuwa na pumu utotoni, mama mkwe anasema alikuwa analazwa kila masika. Kwetu hakuna.

---

nesi_zamu_ya_usiku

Pole mama. Mimi ni nesi wodi ya watoto, si daktari, kwa hiyo nitakayosema kamuulize na daktari wa watoto uso kwa uso. Nitaandika ndefu maana nimetoka zamu na usingizi hauji.

Hakuna mtoto anazaliwa na aleji ya yai. Anazaliwa na mwelekeo, na huyo wako kauchukua kwa baba yake, lakini aleji yenyewe mwili unajifunza. Chukulia kinga ya mwili ni sungusungu wa mtaa. Mgeni wanayemtilia shaka mara ya kwanza hawampigi, wanaandika jina lake kwenye daftari tu. Hilo daftari ndo kingamwili inayoitwa IgE, na kila jina lina ukurasa wake, ya yai ni ya yai, ya karanga ni ya karanga. Zikishatengenezwa zinaenda kujibandika kwenye seli fulani ziko kwenye ngozi, puani, kwenye mapafu na utumbo, zimejaa kemikali inayoitwa histamini, zinasubiri. Siku yule mgeni anarudi, filimbi inapulizwa, histamini inamwagika yote kwa mpigo, ndo unaona uvimbe, mabaka na mwasho ndani ya dakika chache. Kwa hiyo Jumapili ilikuwa mara yake ya kwanza KULA yai, haikuwa mara ya kwanza KUKUTANA nalo. Jina lilishaandikwa kitambo.

Liliandikiwa wapi? Ngozini, mara nyingi ni huko. Sisi chuoni tulifundishwa kuwa chakula ndo kinaleta pumu ya ngozi. Siku hizi inaonekana kwa watoto wengi mambo yako kinyume, ngozi iliyochanika ndo inaleta aleji ya chakula. Ngozi nzima ni ukuta wa matofali uliopigwa lipu. Ya mwanao ni ukuta wa udongo baada ya masika, nyufa kila mahali, na chembe za chakula zilizoko kwenye vumbi, kwenye shuka, kwenye mikono yetu sisi wazima, zinapenya hapo. Kinga ikikutana na kitu kimepitia kwenye ufa inasema huyu mwizi. Kitu hicho hicho kikipitia mlangoni, yaani mdomoni mpaka utumboni, mwili unamkaribisha kama mgeni aliyepiga hodi, unajifunza kumvumilia. Kwa hiyo ni mashindano ya nani katangulia, ngozi au mdomo.

Na ndo maana ushauri wa kuchelewesha vyakula mpaka miaka mitatu umepitwa na wakati, siwalaumu waliokuambia, ulikuwa ushauri halali kabisa zamani. Ukimchelewesha mdomo na ngozi bado ina nyufa, umeipa ngozi muda zaidi wa kuandika majina.

Mayai uliyokula ukiwa na mimba hayahusiki, mama mkwe mwambie kwa heshima.

Chanjo ya surua MPELEKE, tena usikose. Ile virusi vyake vinakuzwa kwenye seli za kifaranga maabara, haichomwi na ute wa yai ndani, na watoto wenye aleji ya yai wanachanjwa bila shida duniani kote. Chanjo ambayo ukienda unatakiwa useme kwanza kuhusu yai ni ya homa ya manjano, hiyo ndo inakuzwa ndani ya mayai yenyewe. Surua inaua watoto, mimi nimewafunika shuka kwa mikono yangu, kwa hiyo hapa sina utani.

Nikuulize mawili. Nani hapo nyumbani anashika sana mayai? Na mtoto anakula uji gani?

---

mwana_wa_Kisauni

Nesi wasema kweli lakini watu wazidisha hili neno aleji jamani. Huku kwetu Mombasa mwanangu alikula jodari wa kukaanga, uso ukawa mwekundu, kichwa chamuuma, ajikuna mwili mzima, basi nyanyake akapiga mbiu mtaa wote mtoto ana aleji ya samaki asile tena. Mwaka mzima mtoto wa pwani hali samaki! Kumbe na babake aliyekula sahani ile ile alikuwa awashwa vile vile, alinyamaza tu. Samaki kama jodari na nguru akilala juani bila barafu, bakteria waitengeneza ile ile histamini ndani ya mnofu, na ukimpika haitoki. Mtu akila apata dalili zote za aleji na hana aleji. Tulijua alipokula changu wa asubuhi ile ile aliyetoka ngalawani, wala hakupiga chafya. Kwa hiyo kabla hujampa mtoto cheo cha aleji uliza kwanza samaki alilala wapi.

Kuhusu yai lakini huyo wako, dakika kumi na midomo yafura, hiyo naona ni yenyewe.

---

mbeba_maboksi_Leicester

Mimi nipo Uingereza mwaka wa 11, nina watoto wawili. Huku karanga ni kama bunduki. Nasari ya mwanangu ukutani kuna bango, hakuna karanga, hakuna mkate wa siagi ya karanga, na kuna mtoto anatembea na sindano yake ya dharura ya adrenalini kwenye kibegi. Mara ya kwanza nilicheka, sisi tumekua na karanga za mia mia za kufunga kwenye gazeti. Baadae nikaanza kufuatilia.

Kuna daktari anaitwa Gideon Lack, wa King's College London, aliona kitu cha ajabu, watoto wa Kiyahudi wanaokulia Uingereza wana aleji ya karanga karibu mara kumi ya watoto wa Kiyahudi wanaokulia Israeli. Asili moja, tofauti ni nini? Kule Israeli watoto wanapewa bisi fulani za karanga zinayeyuka mdomoni tangu wakiwa na miezi michache, huku wazazi walikuwa wanaambiwa subiri. Hiyo ilitoka 2008. Wakachukua watoto 640 wa miezi 4 mpaka 11, wote wale wenye hatari kubwa, pumu ya ngozi kali au aleji ya yai, yaani kama huyo wa mama Tabata kabisa. Nusu wakala karanga kila wiki, nusu wakakatazwa mpaka miaka mitano. Matokeo yakatoka 2015: waliokatazwa 17 katika kila 100 wakapata aleji ya karanga, waliokula 3 tu. Wamarekani waliokuwa wameandika mwaka 2000 kwamba mtoto mwenye hatari asile karanga mpaka miaka mitatu, ushauri huo walishaufuta 2008, na baada ya utafiti huu wakageuka kabisa wakasema apewe mapema.

Kwa hiyo wale watoto wa Kondoa hawana bahati tu, wanalishwa kwa njia ambayo Wazungu wamekuja kuigundua juzi kwa mamilioni ya pesa hahaha. Halafu karanga za kuchemsha zina ukali mdogo kuliko za kukaanga, protini nyingine inabaki kwenye maji.

---

Babu_Kijiweni

Sasa si ndo nilichosema mimi? Udongo!

---

nesi_zamu_ya_usiku

Babu hukukosea sana, nakupa nusu maksi. Kuna Mwingereza anaitwa Strachan, mwaka 1989 aliona mtoto mwenye kaka na dada wengi anapata mafua ya aleji kidogo kuliko mtoto wa pekee, akasema huenda maambukizi ya utotoni yanaifunza kinga kutulia. Na Marekani kuna Waamishi, jamii ya Wakristo wanaoishi kizamani na kulima kwa farasi, watoto wanashinda zizini, pumu kwao ni 5 katika 100, na jamii nyingine ya asili inayofanana lakini wanaolima kwa mashine kubwa na mifugo iko mbali na nyumba, ni 21. Hata kwetu Afrika, Gabon, watoto wa shule wenye kichocho walionekana ngozi zao zikipimwa aleji ya wadudu wa vumbi hazishtuki sana, maana minyoo ikikaa mwilini inaituliza kinga isiwafukuze.

Kabla hujaniuliza: HAPANA, tusiache kuwapa watoto dawa za minyoo. Kichocho kinakojoza damu na kinaharibu ini. Na udongo wa Dar siku hizi una kinyesi cha kila rangi.

---

Babu_Kijiweni

Nilikuwa nataka kuuliza hilo hilo aisee

---

mama_wa_Tabata

Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili. Nesi majibu yako haya hapa na naogopa hata kuyaandika.

Baba yake ana kibanda cha chipsi. Anavunja mayai trei tatu mpaka nne kwa siku, wikiendi zaidi. Akirudi saa tano usiku kitu cha kwanza kabla hata ya kunawa ni kumbeba mwanae na kumbusu mashavu yale yale yenye vidonda. Tangu amezaliwa hiyo. Nguo zake za kazini nafua beseni moja na za mtoto.

Uji anapika bibi yake, ni uji wa lishe wa mchanganyiko wake mwenyewe, anasagisha mashineni, mahindi, ulezi, mtama, soya na karanga. Anakula tangu ana miezi sita na kidogo, karibu kila siku, hajawahi kupata shida yoyote. Ila tangu Jumapili nimeuacha kwa sababu wamesema karanga asiguse.

---

nesi_zamu_ya_usiku

Subiri hapo hapo mama.

Siwezi kuapa kuwa yai liliingilia kwenye mashavu hayo, hakuna kipimo cha kuniambia ilikuwa siku gani na mkono wa nani, na watoto wa wauza chipsi wengine hawana chochote. Ila kwa kweli ningekuwa mimi baba angeoga na kubadilisha shati kabla ya kumshika, nguo zifuliwe mbali. Asijilaumu, nani angejua.

La karanga ndo linanishtua. Mtoto kala karanga miezi karibu miwili na mwili wake umezikubali, maana yake mdomo ulishinda ngozi kwenye karanga. Ukimwachisha sasa, na ngozi bado ina nyufa, na karanga bado ziko humo jikoni kwenye vumbi, unaipa ngozi nafasi ya pili. Wapo watoto wenye pumu ya ngozi ambao walikuwa wanakula kitu vizuri, wakaachishwa kwa tahadhari tu, na waliporudishiwa baadae ndo wakavimba. Sheria ninayoijua ni kuacha kile kilichomdhuru, yaani yai, na kuendelea na vile anavyovikubali. Samaki na karanga na maziwa kwenye hiyo orodha mliyopewa hakuna aliyethibitisha. Muulize daktari wiki hii, usingoje mwezi ujao, na mwambie kabisa habari ya uji. Karanga nzima usimpe, hata akifika miaka minne, zinakaba koo, ni ya kusaga tu.

Kingine kuhusu uji wa lishe, bibi yake kabahatika. Ukichanganya vitu vitano kwa mkupuo kwa mtoto ambaye hajawahi kula hata kimoja, siku akivimba hujui umkamate nani. Anza na kimoja kimoja, siku mbili tatu, asubuhi siyo usiku, ili kikitokea kitu muwe macho.

Ngozi yenyewe itibiwe, hiyo ndo kazi kubwa. Maji ya uvuguvugu dakika chache, sabuni isiyo na harufu, halafu ngozi ikiwa bado na unyevu mpake mafuta ya mgando kwa wingi, mara mbili tatu kwa siku. Mzeituni achana nao, unailegeza ngozi zaidi. Krimu ya steroidi daktari akiandika msiiogope, ila msiende kununua zile za kujichubulia dukani. Ikigoma, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi, wanapokea rufaa.

Na akivimba tena halafu sauti ikakauka, au anakoroma akivuta hewa, au anatapika mfululizo, au analegea, hiyo dawa ya maji haitoshi. Ni hospitali yenye adrenalini hapo hapo, mkiwa njiani alale chali, ila akihangaika kupumua mshikeni ameketi.

---

shangazi_mkubwa

Nesi ungekuwepo miaka 13 iliyopita. Mimi niliachisha kila kitu, mtoto alikuwa anaishi kwa wali na ndizi.

---

mwana_wa_Kisauni

Na ile kupima damu je? Wengine huambiwa wana aleji ya vitu ishirini.

---

nesi_zamu_ya_usiku

Kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi kinaonyesha jina limeandikwa kwenye daftari, hakionyeshi kama filimbi itapulizwa. Wapo watoto wana IgE ya karanga na wanakula karanga raha mustarehe. Ndo maana kipimo kinasomwa pamoja na historia, vitu ishirini kwenye karatasi bila historia ni biashara ya mtu.

---

mama_wa_Tabata

Nimerudi wadau. Jana tumeonana na daktari wa watoto, kakubali karibu yote ya nesi. Yai aache, watampima tena akifika mwaka na nusu na wakiona sawa wataanza na yai lililookwa ndani ya keki wakiwa wanamwangalia pale pale. Surua anachoma tarehe yake. Krimu kaandikiwa ya wiki moja, leo siku ya pili mashavu yameanza kukauka na usiku kaamka mara moja tu.

Kuhusu uji kasema arudishiwe leo leo. Tatizo lile debe la unga nilimgawia jirani Jumatatu kwa hasira, mbele ya mama mkwe, nikamwambia karanga zake zitaniulia mtoto. Hajasema kitu mpaka leo. Nimepiga simu Kondoa wifi atume karanga kwa basi la kesho, ila kusagisha anajua yeye vipimo vyake. Sijui naanzia wapi kumwomba.

---

Babu_Kijiweni

Nunua khanga kwanza.